Asiyechimba Hanywi

Ninyi vijana wa kamati ya mfereji, daftari mliloniletea nimelipokea, na kalamu tatu, kana kwamba nina maneno ya kumaliza kalamu tatu. Anjela, katibu wenu, aliniambia, "Babu Fabiani, tuandikie kila unachokijua kuhusu mfereji, kabla..." Akaishia hapo. Nikamwambia amalizie tu, kabla sijafa, si tusi hilo. Akacheka kwa aibu, akainamia kikombe chake cha chai.

Basi naandika. Ila kwanza niwajibu swali ambalo mnaogopa kuniuliza. Mnapita juu ya kihamba changu, hili shamba la nyumbani, mnaona migomba imekunja majani na kahawa imepauka, na mfereji unapita hatua chache tu juu yake, umejaa. Mnaulizana kama mzee ameanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Mlango wangu wa maji nimeuziba mwenyewe, kwa udongo na kipande cha mgomba, baada ya ile siku ya kazi niliyoanguka. Maji ya kunywa ninayo ya bomba, siku yakitaka kutoka. Lakini ya mfereji, ya migomba na ya ng'ombe, nimejikatia, na mpaka juzi sikujua kama nitayafungulia tena. Hata habari za jembe na koleo nitakazowaandikia humu zitakuwa zinarudi hapo hapo.

Mfereji hauna mashine. Maji yanaingia kule juu kwenye banio, pembezoni mwa msitu, yanatembea ubavuni mwa mlima mpaka huku kwetu Kirua. Kazi nzima ni mteremko. Ukiwa mkali, maji yanakimbia yanakula kingo. Ukiwa mdogo, yanalala na kuwaachia tope. Aliyenifundisha hilo ni Meku Aloisi, msimamizi wa mfereji kabla yangu. Meku maana yake mzee, na mbe ni kama kusema bwana. Naeleza kwa sababu wengine wenu Kichagga mlikisahau Dar.

Meku Aloisi hakuwa na kipimo cha dukani. Alikuwa anapasua mgomba katikati, anautoa moyo mpaka unabaki kama hori dogo, anaulaza chini pale anapotaka kuchimba, anamimina maji kidogo, halafu anachuchumaa. Anayatazama yanaelekea wapi na kwa mwendo gani. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilijiona nimemaliza dunia. Nikamwuliza kama si kupoteza muda.

"Maji hayadanganyi, mbe," akasema. "Wewe utadanganya, mimi nitadanganya, hata padri siku moja moja. Maji hapana."

Sikumsikia. Siku moja alikwenda msibani Machame, akaniachia nichimbe tawi jipya la kwenda kwa majirani wa chini. Nikapima kwa macho. Jumapili asubuhi nikalifungulia, nimevaa shati la kanisani, nipate kusifiwa. Maji yalishuka kama ng'ombe aliyekata kamba. Yakaingia shambani kwa mama mmoja, yakang'oa magimbi yake, yakayapeleka barabarani. Watu wanatoka misa ya kwanza wakayakuta magimbi yanabiringika kuwapokea. Wengine waliokota. Mzee mmoja alivua kofia akamshukuru Mungu kabisa.

Faini ilikuwa debe la mbege. Mama yangu akaipika, wazee wakakaa kuinywa mbele yangu, na mimi nikakatazwa hata kuonja. Meku Aloisi alifuta povu kwenye masharubu, akaniangalia. "Tamu sana hii," akasema. "Kosea tena."

Nikakosea tena, na tena, na kila kosa lilinifundisha kitu. Adui wa mfereji si jua, ni fuko. Anatoboa ukingo kwa chini, na maji yanapotelea ardhini bila ninyi kuona. Mkitaka kumjua alipotoboa, tupeni maganda makavu ya kahawa juu ya maji mtembee nayo taratibu. Yakifika mahali yakaanza kuzunguka yenyewe, hapo chini kuna shimo. Msilizibe kwa saruji. Wafadhili walituletea saruji mwaka mmoja, ikapendeza sana kwenye picha, ikapasuka masika ya pili, na maji yakapita chini yake huku sisi tunasifia juu. Pondeni shina la mgomba, changanyeni na udongo mfinyanzi, shindilieni, halafu juu pandikizeni bonge la majani na mizizi yake. Mizizi haipasuki.

Na kuna kuvuja ambako hata maganda hayakuoneshi. Huko ni kusikiliza. Unasimika mpini wa jembe ukingoni, unaweka sikio kwenye ncha ya juu. Maji yanayokwenda vizuri yanavuma. Yanayochimba chini kwa chini yanagugumia, kama mtu anayekunywa kwa pupa. Meku Aloisi aliniwekea sikio langu pale kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kona ya jiwe, mpaka nikausikia huo mgugumo. Nilikuwa kijana, nikauona mchezo wa wazee.

Sasa nifike kwenye sheria. Siku ya kazi ilitangazwa kwa pembe alfajiri, si kwa kundi la simu kama lenu ambalo watu wanajibu vidole gumba halafu hawaonekani. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe. Msimamizi anasoma majina, mwenye nyumba anaitika "Nipo." Asiyekuja analeta mbege. Asiyeleta mbege, mlango wake unazibwa. Asiyechimba hanywi.

Kulikuwa na watu wa aina moja tu waliokuja bila kuchimba. Ni wazee ambao migongo ilikwisha. Hao walikaa kwenye lile jiwe bapa pale konani, majembe yamesimama mbele yao, wakisomwa majina wanaitika wakiwa wamekaa. Walihesabiwa sawa na sisi.

Nilipopewa usimamizi nilikuwa na nguvu, na nilikuwa na hasira. Kuna nyumba zilianza ujanja. Vijana wanne wamelala, wanamtuma bibi yao akakae kwenye jiwe. Nilichukia, na katika kuchukia huko nilikuwa na haki. Nikasimama mkutanoni nikasema kuanzia leo kukaa siyo kuchimba, na sheria ni msumeno. Watu wakapiga makofi. Niliyapenda yale makofi, wanangu. Ni vizuri mjue hivyo, maana mtapigiwa na ninyi.

Msumeno unakata mbele na nyuma. Siku ya kazi iliyofuata alikuja Meku Aloisi, anajikongoja, jembe amelifanya fimbo. Nyumbani kwake walibaki yeye na mkewe, mabinti wawili walishaolewa. Akakaa kwenye jiwe. Nikasoma majina mpaka nikafika kwake.

"Nipo," akaitika.

Watu wote wakaniangalia mimi. Wale wa vijana wanne wakaniangalia zaidi.

"Meku, jembe lako liko wapi?"

"Hili hapa."

"Linachimba?"

"Halichimbi," akasema.

"Basi kukaa siyo kuchimba, meku. Sheria ni ya wote."

Akasimama kwa kujivuta. Hakupandisha sauti. "Umesema sawasawa, mbe. Nilikufundisha vizuri mno." Akashuka na njia yake. Nikangoja mbege, haikuja. Na ndizi za kuipika angezikata nani, kwa mgongo ule? Wiki ya pili nikaenda kuuziba mlango wake kwa mikono yangu. Ningependa kuwaambia mikono ilitetemeka. Haikutetemeka. Nilirudi nyumbani nikala vizuri.

Kiangazi kile migomba yake ilikauka kama yangu sasa. Mkewe, Mama Priska, akawa anapita mbele ya nyumba yangu na ndoo kichwani, anatoka mtoni. Mimi ambaye kila Jumapili baada ya misa nilikuwa nyumbani kwake na kibuyu cha mbege mkononi nikaanza kutumia njia ya juu, ile ndefu, nisikutane nao. Nilijiambia nina kazi nyingi.

Kisha masika yakaja, na ukingo ukapasuka konani, pale pale kwenye jiwe. Tulichimba siku tisa kuurudisha. Siku ya tatu, nikiwa kwenye tope mpaka magotini, nilielewa wazee walikuwa wanafanya nini pale. Majembe yale yaliyosimama mbele yao, na wao wamelaza shavu kwenye mpini kama watu wanaosinzia, walikuwa wanasikiliza. Miaka yote kona ile haikuwahi kupasuka, na hakuna mtu aliyejiuliza kwa nini. Hakuna aliyenisema pia. Afadhali wangenisema.

Mnaijua sale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani. Ukimkosea mtu unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Sale haikataliwi. Mimi nilichuma jani kwa ajili ya Meku Aloisi mara tatu, na mara tatu lilikauka kwenye mfuko wa koti. Mke wangu Filomena akayakuta siku ya kufua. "Fabiani, haya majani ya nani?" Nikamwambia ya mbuzi. Alijua, lakini aliniachia uongo wangu nikae nao. Meku Aloisi akafa kabla ya mavuno ya kahawa. Nilibeba jeneza lake nikiwa na jani la nne mfukoni.

Niwaambie kitu kuhusu uzee ambacho hakimo kwenye mfereji. Hauji na mambo yake mapya. Unakuta yale uliyokuwa unawadai watu wengine, unaanza kujidai mwenyewe, na hakuna wa kukuombea msamaha. Mimi maisha yangu yote niliamini mtu ni jembe lake. Kwa hiyo uzee wangu niliupigia picha mapema: nitakuwa mzee mwenye mvi, nachimba, na siku nitakayoshindwa kuchimba nitakuwa nimekufa. Sikupanga kitu kwa zile siku za katikati, na sasa naona ni nyingi.

Filomena alikufa. Watoto wako Dar na Arusha, na mmoja Moshi mjini. Desemba nyumba inajaa, mbuzi anachinjwa, magari hayana pa kuegeshwa, wajukuu wanauliza nenosiri la intaneti. Kufika tarehe tatu Januari nafagia vifuniko vya soda peke yangu. Binti yangu wa mjini alinichukua nikakae kwake. Nyumba nzuri, na kila mtu ananiambia, "Pumzika, Baba." Siku ya nne alinikuta barabarani nazibua mtaro, na kuna bwana mmoja amesimama juu yangu ananielekeza pa kuanzia kesho, akidhani nimeletwa na manispaa. Binti yangu alilia. Nikarudi Kirua.

Halafu ile siku ya kazi goti likanisaliti, nikaangukia mfereji wenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mliocheka niliwaona. Mkanipandisha bodaboda mkanirudisha nyumbani, na sukari mkaniletea. Siku ya kazi iliyofuata nilikaa kibarazani, nasikia Anjela anasoma majina kule konani kwa kile kipaza sauti. Alipofika mahali pangu akasoma la jirani.

Jioni alikuja kuniambia kwa furaha. "Tumekutoa kwenye orodha, babu. Umestaafu. Upumzike tu, maji yako yapo."

Nikamshukuru. Alipoondoka nyumba ilikuwa kimya hadi namsikia ng'ombe anacheua bandani. Nilikaa nikijisikia nimekwisha. Sikuwa mchimbaji, na sasa sikuwa hata jina. Nikachukua fimbo, nikapanda, nikauziba mlango wangu.

Anjela akaufungua. Nikauziba. Akaufungua tena. Mara ya tatu alinikuta nimepiga magoti, natafuta namna ya kusimama.

"Babu, kwa nini unajitesa hivi?"

"Asiyechimba hanywi."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Haya, si wewe uliyesema? Basi futa."

"Siwezi kuifuta leo kwa sababu imenikata mimi. Ilipomkata Meku Aloisi sikuifuta."

Nikamsimulia yote, pale pale chini. Alinisikiliza na udongo mikononi. Halafu akasema neno ambalo mtoto wa umri wake hakupaswa kulijua. "Kwa hiyo unamlipa marehemu kwa migomba. Yeye alikuomba hiyo migomba? Si mjane wake yupo? Ulishamwuliza?"

Akaondoka bila kuufungua. Usiku ule wote sikupata usingizi.

Asubuhi nikachuma jani la sale, nikalifunga fundo, nikashika njia ya kwa Mama Priska. Zamani ilikuwa mwendo wa kumaliza sigara moja. Juzi ilinichukua saa nzima, na goti lilinikumbusha kila jiwe. Nilimkuta uani anamenya ndizi za mtori. Macho yake yamefifia, anamenya kwa kupapasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Fabiani. Wa mfereji."

Kisu kikasimama, kisha kikaendelea. "Umepotea njia?"

Nikamwekea jani mkononi. Akalipapasa mpaka akafika kwenye fundo, akalishika hapo.

"Hili limechelewa."

"Ndiyo, mama."

"Lakini haikataliwi." Akaliweka mapajani. Akamenya ndizi nzima ndipo akasema, "Unafikiri tulikasirikia maji?"

"Nilifikiri hivyo."

"Maji niliyabeba kichwani. Wewe ningekubeba na nini? Mzee wangu alikuwa akisikia lango la uzio linagongwa Jumapili anasema, huyo Fabiani, leta kibuyu. Natoka kuangalia, ni mbuzi. Jumapili inayofuata tena, huyo Fabiani. Mpaka kufa kwake, Fabiani, ni mbuzi."

Nililia, wanangu, mbele ya mwanamke anayemenya ndizi. Miaka yote hiyo nilidhani deni langu ni la haki, kumbe mtu alikuwa amekaa na kibuyu ananingoja. Na najua sasa kungoja huko kulivyo, maana na mimi kila lango likigongwa nageuza kichwa.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akanyanyuka, akapapasa uzio wake mpaka akafikia sale, akachuma jani, akalifunga fundo kwa vidole vyake vilivyopinda, akaninyooshea.

"Mama, wewe hujanikosea."

"Nilikuwa nakuona unapita njia ya juu. Macho yalikuwa mazima wakati huo. Ningeweza kukuita. Sikukuita, nilitaka uumie. Pokea."

Nikapokea, ningefanyaje?

"Sasa umepokea, na haikataliwi," akasema. "Jiwe la mzee wangu liko tupu tangu siku ile. Kakae."

Basi, Jumamosi ni siku ya kazi, na mimi nitakuja. Nitakuja mapema kwa sababu ya mwendo wangu. Jembe nitakuwa nalo, lakini halitachimba, na mtu asiniulize. Msiniletee kiti cha plastiki wala soda kama mgeni wa harusi. Nitakaa kwenye jiwe, nitaweka sikio langu zima, lile la kulia, kwenye mpini, na mkiniona kama nasinzia mniache. Atakayetaka kujifunza mgugumo aje akae karibu, jiwe ni pana.

Kwenye daftari la kamati andikeni kwamba migongo iliyokwisha inakaa na inahesabiwa, kama ilivyokuwa kabla yangu. Na nyumba yenye vijana wanne waliolala ilete mbege. Sijabadilika hadi hapo.

Mlango wangu wa maji bado sijaufungua. Nilijaribu jana, udongo umekauka umekuwa tofali na mimi siwezi tena kuinama. Kwa hiyo nawaomba. Hilo neno sikuwahi kumwambia mtu wa mfereji huu, niliwatangazia tu. Nawaomba mmoja wenu, akipita, aufungue, na mimi sitauziba.

Nawe Anjela, nirudishe kwenye orodha. Siku ile usisome haraka. Ukifika mahali pangu, soma jina langu lote, kwa sauti, usiniruke kwa huruma. Halafu ngoja kidogo, maana sauti yangu siku hizi inachelewa kutoka.

Nitaitika nikiwa nimekaa.